Laana Iliyosomwa Godauni

Kama unataka kuchukiwa na watu mia tatu kwa mpigo mmoja, andika tamthilia, kisha wasomee Jumapili mchana ndani ya godauni la ushirika pale Bashay. Mke wangu anasema hawakufika mia tatu, walikuwa sitini, tena ukihesabu na watoto wa mgongoni. Mke wangu alikaa nyuma karibu na mlango. Yale macho hayakumwangalia yeye. Yaliniangalia mimi, na mimi nasema mia tatu.

Kazi yangu ni kusaga mahindi. Sekondari niliisoma ukubwani, kwenye darasa la jioni, nikifika na unga kwenye nyusi mpaka wenzangu wakadhani nina mvi. Mtihani wa Kiswahili niliufaulu vizuri kiasi kwamba aliyeusahihisha, naamini kabisa, aliweka kalamu chini akatoka nje kupunga upepo. Mwalimu wetu wa fasihi, mama mmoja mstaafu, ndiye aliyetuingiza kwenye jambo hili la kusoma tamthilia hadharani. Alisema tamthilia mpya haidai mavazi wala pazia. Mnakaa kwenye viti, kila mtu na karatasi zake, mnasoma mbele ya watu. Mmoja anasoma maelekezo: nani anaingia, nani anatoka, nani analia. Mkimaliza, wasikilizaji wanatoa maoni, na mwandishi anarudi nyumbani kurekebisha.

Maoni! Asiyetujua akilisikia neno hilo hudhani ni kitu cha upole.

Mara ya kwanza tulikwenda Basotu, kando ya ziwa, tukasoma tamthilia ya mwenzetu mmoja kuhusu ukame. Tulipofika ukurasa wa tatu akasimama mvuvi mmoja, ndoo ya samaki mkononi, akauliza kwa sauti: "Samahani, nyinyi mmekuja kufanya nini hasa?"

Tukamjibu tunasoma tamthilia.

"Mbona mnachungulia karatasi? Kama hamjashika kichwani si mngebaki kwenu mkajifunza kwanza?"

Watu walicheka mpaka bata wakaruka kutoka ziwani. Wengine wakaondoka naye kwenda kununua samaki, na nusu ya waliobaki walikuwa wanasubiri arudi. Mwenzetu wa ukame hajaandika tena. Anafuga kuku.

Mimi si mtu wa kufuga kuku. Niliandika tamthilia yangu mwenyewe, ya mpaka wa shamba, kwa sababu hapa kwetu hakuna kinachoamsha damu kama mpaka. Jirani kijana anasogeza mikonge ya mpaka kila mwaka, hatua moja leo, hatua moja mwakani, mpaka shamba la mama mjane linabaki kama mkeka. Mjane anakwenda barazani, hasikilizwi. Anakwenda kwa ndugu, wanamkwepa. Mwisho anasimama katikati ya majirani na kumlaani yule kijana. Ukurasa wa laana niliuandika vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, na nasema hivyo nikijumlisha na harusi yangu. Nilifuata mwendo wa slufay, yale maombi marefu ya wazee, ambapo mmoja anasema na kundi zima linaitikia kila mstari kwa mguno mzito wa kooni. Nilichofanya ni kuugeuza tu: mahali pa baraka nikaweka laana. Baada ya kila mstari nikaandika maelekezo: majirani wanaitikia.

Sehemu ya mjane nilimpa mama mwenye hoteli ya chai pale sokoni. Ni mjane kweli, na ana sauti inayoweza kusimamisha lori. Sehemu ya mwizi wa mpaka nilimpa fundi mwashi wetu, mwanaume mpole mpaka anaudhi, aliyejenga nusu ya nyumba za bati unazoziona kata nzima. Alikuwa amechumbia. Ng'ombe walikuwa wameshakubaliwa, na tangazo la ndoa padri alishalisoma kanisani Jumapili mbili; ilibaki moja. Mchumba wake alikuwa binti wa mwenyekiti wa jumuiya yetu, mzee ambaye ndiye pia anayeshika funguo za godauni. Mzee huyu na mimi hatujawahi kupatana. Anaamini mtu wa kusaga asage. Siku nilipomwomba godauni alinitazama viatu muda mrefu, kisha akasema, "Mtafagia. Na hivyo viti ni vyangu, visirudi vimevunjika."

Tukafagia. Vitunguu saumu vilikuwa vimerundikwa ukutani mpaka kwenye kenchi, na harufu yake ilikuwa kali kiasi kwamba waliokuja na mafua walirudi wazima. Watu waliingia wakitoka kanisani, na nguo zao nzuri. Mzee alikaa mbele, miguu imepishana, kama mtu aliyekuja kukagua. Mfugaji mmoja wa tambarare, mzee mrefu mwenye shuka nyeusi na fimbo, aliyekuwa amepandisha madume wawili kuja kuuza na hakupata bei, naye aliingia kukwepa jua akasimama karibu na mizani.

Tulisoma vizuri. Hapo sitanii. Hata waliokuja kuzomea walisahau. Mama wa hoteli alipofika kwenye ukurasa ule, aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akamgeukia fundi aliyekaa kiti cha pili, akamtazama usoni, akasema taratibu:

"Aliyekula shamba langu, asionje kilichoota ndani yake."

Mimi nikasoma maelekezo yangu: "Majirani wanaitikia."

Na godauni likaitikia.

Hatukuwa tumepanga. Nilitegemea wasomaji wetu wanne waitikie. Lakini watu wa kwetu wamelelewa hivyo: ukisikia mwendo ule, koo linafunguka lenyewe, kama mtu anavyosema "marahaba" usingizini. Mguno ulipita chini ya bati kama ngurumo. Panya waliokuwa kwenye kenchi tangu enzi za pareto walihama siku ile.

"Akijenga, nyumba yake isikae kivuli."

Wakaitikia, kwa nguvu zaidi. Yule mfugaji kwenye mizani alikuwa na sauti kama ng'ombe dume aliye pangoni.

"Mlango wake usisikie kilio cha mtoto mchanga."

Wakaitikia. Mimi nilikuwa natabasamu. Mwandishi gani hangetabasamu? Nilijiona nimefika, nikaanza hata kufikiria nitakavyosimama mwisho na kuinama kidogo.

Halafu kukawa kimya, na ukimya ule ulichacha upesi kama maziwa kwenye jua. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake kutoka mgongoni, akamkumbatia mbele. Mzee wa funguo akasimama.

"Nani ameitikia?"

Watu wakageukia vitunguu.

"Nauliza, humu ndani nani ameitikia?"

Sauti ikatoka nyuma: "Wote, mzee. Hata wewe umeitikia."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake na niliisikia sauti yake, ya pili kwa ukubwa baada ya mfugaji. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alikuwa ameitikia kwa koo lake mwenyewe kwamba nyumba anayoolewa binti yake isisikie mtoto.

"Mzee," nikasema, bado nimeshikilia karatasi, "ni tamthilia. Ni mchezo."

"Mchezo." Akanigeukia. "Huyu mama angejipaka masizi usoni, angevaa ngozi na mkia wa ng'ombe, ningesema ni mchezo. Ametoka nyumbani kwake na gauni lake la kanisani. Amekaa kwenye kiti changu mimi. Amemtazama mkwe wangu machoni, akamwambia mlango wake usisikie mtoto. Mchezo uko wapi hapo? Nionyeshe."

"Yameandikwa tu, mzee. Yako kwenye karatasi."

"Na tangazo la ndoa liko wapi? Kwenye ngozi ya mbuzi? Padri anasoma karatasi! Anasoma mara tatu, na watu wanakuwa mume na mke. Ile ni kweli, hii si kweli?"

Nilifaulu fasihi kwa alama za juu, lakini swali hilo halikuwemo kwenye mtihani.

"Mimi jamani nimesoma tu," mama wa hoteli akasema, akiweka karatasi chini kana kwamba zimemchoma. "Aliyeandika ni huyo hapo. Mwangalieni, bado anatabasamu."

"Sitabasamu!"

"Unatabasamu."

Fundi akainua mkono, kama yuko darasani. "Mzee, mimi mwenyewe sijajisikia vibaya."

"Wewe nyamaza," mzee akamwambia. "Wewe umelaaniwa."

Basi maoni yakaanza. Mama mwenye mtoto alitaka kujua nitafanya nini kwa kuwa yeye aliitikia akiwa na kichanga mgongoni. Kijana mmoja akapiga kelele kwamba mimi nirudi kwenye mahindi. Nikamjibu kwamba unga wangu anaula kila siku na hajawahi kutoa maoni. Mwingine akasema tumewatega, tumewaingiza kwenye jambo bila kuwaambia, kama watu wanaosainisha vikongwe mikataba. Nikawaambia hakuna aliyewashika koo. Hilo halikupokelewa vizuri. Kiti kimoja cha mzee kilivunjika, na hadi leo nasema hakikuvunjwa na mtu wa kikundi chetu.

Wazee watatu wakatoka nje, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta, wakazungumza kwa Kiiraqw cha chini chini. Mzee wa funguo akarudi na uamuzi. Laana iliyosemwa mbele za watu inaondolewa mbele za watu. Kinywa kilichosema ndicho kitakachorudisha. Aliyeambiwa awepo, na walioitikia waitikie tena, wote. Liwe limekwisha kabla ya Jumapili. Lisipokwisha, yeye atakwenda kwa padri na tangazo la tatu halitasomwa.

"Lakini mzee, sisi si Wakristo?" nikauliza. Nilidhani nimempata.

"Ni Wakristo. Kwa hiyo utaanza wewe Mkristo kumtafuta yule mfugaji, kwa sababu ameitikia kuliko wote, na ameshaondoka."

Tukatazama kwenye mizani. Kweli, hakuwepo. Ugomvi ulipoanza alikuwa amechukua madume yake akashuka zake.

Fundi alikuwa na pikipiki. Siku ya pili tukateremka naye kuelekea Getanuwas, kwa sababu mtu mmoja wa mnadani alisema huyo mzee ni wa huko. Mimi nilikaa nyuma. Njia ile ina mashimo ambayo ukiingia asubuhi unatokea jioni, na vumbi la tambarare lilinipa nyusi za kazini kwangu. Fundi hakusema neno tangu tulipoondoka, na mtu mpole akinyamaza ni mbaya kuliko mkali anayetukana. Mlima Hanang ulipotokea wote mbele yetu, ndipo akafungua mdomo, bila kugeuka.

"Kaka, ulishindwaje kuandika vitunguu?"

"Vitunguu vipi?"

"Ungeandika vitunguu vyake vioze. Vitunguu vikioza mtu anapanda tena. Ungeandika ng'ombe. Wewe ukaandika mtoto."

"Isingekuwa na nguvu."

"Nguvu ya kazi gani?"

Nikamweleza kwamba sanaa lazima iume. Akapita kwenye shimo kwa makusudi. Najua ni kwa makusudi kwa sababu barabara ilikuwa pana.

"Mchumba wangu hapokei simu," akasema baadaye. "Dada yake amepokea. Ameniambia mama yao analia tangu jana."

Nikaiacha habari ya sanaa, nikashika vizuri chuma cha nyuma.

Tulimpata yule mzee akinywesha ng'ombe kwenye lambo. Tukashuka, tukaacha pikipiki mbali ili isiwashtue ng'ombe, tukamwendea kwa heshima zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akatutazama mmoja mmoja. "Nyinyi ni wale wa karatasi."

Nikamweleza shida yetu. Alisikiliza akiegemea fimbo, mguu mmoja umepumzika juu ya goti la mwingine. Nilipomaliza akasema haendi popote.

"Mzee, ni kwa ajili ya ndoa ya huyu."

"Nimesikia. Na mimi nina shida yangu. Mmeanza kugombana, hadithi ikakatika. Nimetembea kutoka kwenu mpaka hapa na madume wawili, najiuliza yule mama alipata shamba lake au hakupata. Hapa hakuna wa kumwuliza. Nimemwuliza mke wangu, ananiambia mama gani. Malizeni kwanza, halafu mniambie habari ya kupanda huko juu."

Fundi akanitazama. Karatasi nilikuwa nazo, kwa sababu huwa natembea nazo. Tukakaa juu ya mawe, tukasoma tamthilia yangu kwa msikilizaji mmoja na ng'ombe wake, mimi nikiwa mjane, baraza, ndugu na maelekezo, fundi akiwa mwizi. Hapakuwa na wa kuvunja kiti. Tulipofika kwenye ukurasa ule fundi akaufunika kwa kiganja.

"Hapa ruka."

"Ruka," mzee akakubali. "Hapo nilikuwepo. Soma kinachofuata."

Kinachofuata ni kifupi. Kijana anahama kwa hofu, shamba linabaki halina mwenyewe, mjane anaonekana akipanda mkonge peke yake, basi. Nikasoma kwa hisia, nikashusha karatasi.

Mzee akasubiri. "Endelea."

"Imeisha, mzee."

"Imeisha wapi? Huyo kijana bado ana laana?"

"Ndiyo."

"Na wale majirani walioitikia, wanafanya nini?"

"Hawafanyi kitu. Pazia linafungwa."

"Pazia gani?"

Nikakunja karatasi.

"Umewaita watu, wameitikia, halafu umewaacha wamesimama," akasema, na hakuwa anatania hata kidogo. "Hiyo haijaisha. Wewe ulichoka ukaenda kulala. Mimi ningekuwa wewe ningemwoza huyo kijana kwa binti wa mjane, shamba likawa moja, mikonge ikang'olewa yote."

"Mjane hana binti, mzee."

"Si ndiye wewe uliyemwandika? Mpe."

Niseme ukweli, nilimchukia hapo hapo. Nimeshakaa miaka na tamthilia ile, na mtu aliyesikia nusu yake akiwa amesimama kwenye mizani ananiagiza watoto. Tena wazo lenyewe ni baya: mwizi anaiba shamba halafu anazawadiwa mke. Nikamwambia hivyo, kwa adabu kidogo. Akaniambia mimi sijui kumaliza kitu. Nikamwambia yeye hajui kuuza dume. Fundi akaingia katikati yetu na mikono yake mikubwa ya zege.

"Wazee wangu, naomba," akasema, ingawa mimi na yeye tunalingana. "Nipelekeni kwanza nikaoe, halafu mpigane."

Yule mzee akamtazama fundi, akamwita kijana wake aje achunge, akapanda pikipiki. Tulikaa watatu, mfugaji katikati, fimbo yake ikitoka pembeni kama mlingoti. Njia nzima alikuwa ananieleza sikioni jinsi ya kumaliza tamthilia.

Jumamosi godauni lilijaa kuliko Jumapili iliyopita. Hakuna aliyekumbuka kwa hakika nani aliitikia na nani hakuitikia, kwa hiyo kata nzima ilikuja isije ikasemwa fulani hakurudisha. Walikuja mpaka watu ambao siku ile walikuwa Katesh. Nahesabu elfu moja. Mke wangu safari hii alinyamaza.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Wiki nzima, kila mashine ilipopoa, niliandika onyesho jipya la kuondoa laana: kurasa tatu, mwendo uleule, lugha safi, na mahali pa kuitikia nimepawekea alama. Nikamkabidhi mama wa hoteli. Mzee wa funguo akazichukua mkononi mwake kabla hajazifungua.

"Hakuna karatasi."

"Mzee, nimeandika vizuri sana."

"Ndiyo maana."

Mama akapewa kibuyu cha maji na majani mabichi. Alikuwa amevaa gauni lilelile, kwa sababu wazee walisema iwe vilevile, na akakaa kwenye kiti chake, na fundi kwenye kiti cha pili. Alimtazama fundi. Fundi, mtu anayepanda kenchi bila ngazi, alikuwa ameshikilia kiti kwa mikono miwili.

"Mwanangu," mama akasema, "nilisema mlango wako usisikie mtoto. Ninalirudisha. Usikie. Usikie mpaka ukose usingizi, ukimbilie kwangu kunywa chai alfajiri macho mekundu."

Watu wakaitikia, na ndani ya mguno nikasikia kicheko kikijificha.

"Nilisema nyumba yako isikae kivuli. Ikae. Kilichoota kwako ukionje, wewe na huyo binti."

Wakaitikia. Yule mfugaji alikuwa amewekwa mbele kabisa, na sauti yake ilitikisa kibuyu. Mama akanywa maji, akampulizia fundi kifuani, akampitishia majani begani. Ilikuwa fupi. Kurasa zangu tatu zilikuwa na mifano mizuri zaidi, na nasema hivyo bila wivu wowote.

Nikadhani tumemaliza. Mzee akanigeukia.

"Na ule ukurasa?"

"Upi?"

"Wa laana. Unao hapo. Ukienda kuusoma Basotu, ukausoma Katesh, watu wakaitikia, itakuwaje?"

"Atasoma mtu mwingine, mzee. Itakuwa mtu mwingine kabisa."

Nilisema vibaya. Godauni lilinirukia. Mwingine nani, wakauliza. Mtoto wa nani? Mama mmoja akasema nina roho ya fisi. Mzee akasema niuchane mbele yao, sasa hivi. Nikasema sichani. Nikasema mnaweza kunifukuza jumuiya, mnaweza kusaga kwingine, ule ukurasa ndio kitu pekee nilichofanya maishani ambacho watu walikisikia mpaka wakasahau kukohoa, na sitauchana kwa sababu mzee mmoja aliitikia bila kufikiri. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Yule mfugaji, ambaye sikumwomba, akasema, "Mwacheni, mwisho wake bado anautengeneza."

"Basi tangazo halisomwi," akasema mzee.

Wakati huo fundi alikuwa ameinuka. Shati lake lilikuwa limelowa kifuani. Akaja mpaka kwenye kiti changu akanyoosha mkono.

"Nipe mimi."

"Utauchana."

"Sitauchana. Nipe."

Nikamtazama. Ndiye aliyelaaniwa. Nikautoa ukurasa katikati ya mswada, nikampa. Akaukunja mara nne kwa unadhifu kama mtu anayepima tofali, akauweka kwenye mfuko wa shati akaufunga kifungo.

"Mtoto wangu akizaliwa, nitakurudishia," akasema. "Asipozaliwa, unabaki kwangu." Kisha akamgeukia mkwewe. "Mzee, inatosha?"

Mzee akasaga meno. Halafu akasema, "Inatosha. Lakini viti vyangu virudi leo."

Kesho yake padri akasoma tangazo la tatu. Nilikuwa kanisani, nikageuka kumwangalia mzee wakati linasomwa, naye alikuwa ananiangalia mimi.

Harusini nilialikwa na fundi na kupangiwa kiti na mzee, nyuma ya spika, mahali ambapo hata ukitaka kutoa maoni hakuna atakayekusikia. Tamthilia yangu ililala. Haisomeki bila ukurasa ule, na kuuandika upya kwa kichwa ningeweza, kila neno ninalo, ila hakuna mtu kata nzima ambaye angekubali kukaa kiti cha mwizi usomwe mbele yake. Nikabaki kumwangalia mke wa fundi kila siku ya soko, anavyotembea, gauni linavyokaa, kwa makini kuliko inavyofaa mtu aliyeoa, mpaka mzee akanifuata mashineni kunionya niache kumwangalia binti yake tumbo. Nikamwambia naangalia kazi yangu. Alinitishia fimbo.

Mwezi uliopita fundi alikuja na debe la mahindi na ulezi. Macho yalikuwa mekundu. Foleni ilikuwa ndefu, mashine inanguruma, akasimama karibu na sikio langu akapiga kelele: "Amezaliwa!"

Nikazima mashine. Watu wakampa mkono, wakamwuliza mama wa mtoto anaendeleaje, akasema salama, wote wawili, na kichanga analia kama king'ora. Nikasubiri wamalize. Nikanyoosha mkono.

"Ukurasa."

Fundi akagusa mfuko wake wa shati, akafikiri.

"Mke wangu anataka watoto wanne," akasema.

"Ulisema akizaliwa!"

"Nilisema. Nimezungumza naye. Anasema ukurasa usiondoke ndani mpaka wamefika wanne."

Nikamwita mwongo mbele ya foleni nzima. Nikamwita mwizi wa mpaka, na hapo foleni ikanizomea, wote wakiwa upande wake. Yeye akanyanyua debe lake akaliweka kwenye mizani, akasema ni la uji wa mzazi, nisilete pumba. Nikawasha mashine. Nikausaga, nikaurudisha juu nikausaga tena mpaka ukawa laini kama poda, huku namtukana, na kwa ile ngurumo sidhani alisikia hata neno.